Seva tatu zinatoa rate tofauti za dola, kashe naisambazaje kwenye klasta?

Isevya_Koda (Tabora)

Wakuu mwangaluka. Naomba mawazo yenu maana masoko ya tumbaku ndio yameanza na hili tatizo linagusa hela za wakulima moja kwa moja. Tuna mfumo wa vyama vya msingi, makarani wako Urambo, Kaliua, Sikonge na hapa mjini, wote wanaingia kwa brauza kupitia intaneti ya simu. Ndani kuna majina ya wakulima, madaraja ya tumbaku na bei ya kila daraja, rate ya dola (bei zinapangwa kwa dola, karatasi ya mkulima inaonyesha na shilingi), pamoja na deni la pembejeo, yaani mbolea aliyokopa ambayo inakatwa akiuza.

Ilivyokuwa seva moja hakukuwa na shida. Sasa hivi ziko tatu nyuma ya Nginx (inayogawa maombi kati yao), programu ni Java ya Spring Boot, databesi ni PostgreSQL moja tu. Kila seva ina kashe yake kwenye memori (nakala za data ili isirudi databesi kila mara), Ehcache toleo la 2, kila kitu kinakaa humo lisaa limoja ndio kinaisha. Sasa ofisini wakibadilisha rate asubuhi ombi linaangukia seva moja, hiyo inafuta kashe yake inasoma upya, zile mbili hazina habari zinaendelea na rate ya jana. Karani anarifreshi ukurasa anapata namba hii, anarifreshi tena anapata ile, na mkulima amesimama mbele yake mabelo yameshapimwa anaangalia. Hapo mtu anaanza kuhisi anaibiwa na ana haki ya kuhisi hivyo.

Nimewasha replikesheni ya Ehcache kwa RMI (njia ya programu za Java kuitana kwenye mtandao) ili seva zipeane data zenyewe. Kwenye mashine za ofisini zinaonana vizuri kabisa, kwenye seva za kukodi hazionani, na logi haina erra hata moja. Kwa nini hazionani? Halafu ni sahihi kweli kusambaza kila kilichomo kwenye kashe kwenda seva zote au kuna namna nyingine? Kuna jamaa kaniambia weka Redis (seva ya pembeni inayohifadhi data kwenye memori) shida iishe, inaisha kweli? Na nikiristati seva moja watu waliokuwa humo wanatupwa nje waingie upya, hilo nalo mwenye dawa yake anisaidie.

Gungu404 (Kigoma)

Mkuu hilo la kutoonana ni multikasti hilo, naweka dau. Ehcache 2 ukiiacha ijitafutie wenzake inatuma pakiti za multikasti (ujumbe mmoja kwa wote wanaosikiliza kwenye mtandao) kutangaza kwamba ipo. Swichi ya ofisini inazipitisha, ila mitandao mingi ya klaudi na seva za kukodi haizipitishi, ndio maana huoni erra, programu imetuma yake imemaliza, haijui kama hakuna aliyepokea. Weka `peerDiscovery=manual` halafu kwenye `rmiUrls` utaje wenzake kwa IP, kila seva inataja zile nyingine mbili, na unataja kwa kila kashe.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. RMI inatumia poti mbili, moja ni ya rejista ambayo unaiweka mwenyewe, nyingine ni ya objekti zenyewe na usipoitaja inachaguliwa yoyote kila unapowasha. Watu wanafungua fayawolu kwa ile ya kwanza tu, seva zinaonana nusu nusu, wanahangaika wiki nzima. Weka `remoteObjectPort` iwe namba ya kudumu, fungua poti zote mbili lakini kati ya hizo seva zako tatu tu, usithubutu kuiacha RMI wazi kwenye intaneti. Angalia pia `hostName`, seva nyingi za Linux jina lake lenyewe kwenye `/etc/hosts` linaelekea 127.0.1.1 kwa hiyo inawaambia wenzake nitafuteni huko, nao wakienda wanajikuta kwao wenyewe. Weka IP ya ndani.

Ila nikuambie ukweli, usijichimbie sana huko. Ehcache 3 imeachana na hiyo replikesheni ya RMI, klasta yake ni kwa Terracotta, ambayo ni seva nyingine ya kuilea. Kama unataka kitu cha miaka ijayo soma majibu ya wengine kwanza.

dada_wa_Cheyo (Tabora)

Kaka Isevya, swali lako la pili ndio lenye uzito, hizo poti utazipata jioni moja. Mimi nasema usisambaze data, sambaza taarifa kwamba data imebadilika. Fikiria ubao wa bei kwenye kila kituo cha kununulia: ofisi haina haja ya kumpigia kila karani imsomee bei mpya namba kwa namba, inawaambia tu futeni, atakayehitaji aje asome kwenye daftari kubwa. Daftari kubwa ni PostgreSQL yako, na ni moja, hiyo ni bahati itumie.

Kwa nini nasisitiza. Ukisambaza thamani zenyewe kuna jambo la mpangilio wa ujumbe. Chukua deni la mkulima mmoja, seva ya kwanza imeandika 400, sekunde hiyo hiyo seva ya pili imeandika 300, kila moja inamtumia mwenzake. Ya kwanza inapokea 300 inaweka, ya pili inapokea 400 inaweka, sasa zimebadilishana makosa na hakuna ujumbe mwingine unaokuja kurekebisha, zitabaki hivyo mpaka muda wa kashe uishe. Na hiyo replikesheni ya Ehcache ukiiweka kwa mtindo wa kutosubiri, kawaida inakusanya mabadiliko na kuyatuma kila sekunde moja, kwa hiyo dirisha la kugongana lipo wazi siku nzima ya soko. Ukituma ujumbe wa kufuta, hata ukifika kwa mpangilio gani haijalishi, kila seva inaishia kurudi databesi. Kwenye hiyo hiyo Ehcache 2 yako kuna `replicateUpdatesViaCopy`, ukiiweka `false` seva nyingine inaondoa ile rekodi badala ya kupokea nakala, unaweza kuanza na hilo leo leo.

Ila kufuta nako kuna tundu lake ambalo watu hawalioni. Seva ya pili inasoma rate ya zamani kutoka databesi, kabla haijaiweka kwenye kashe ujumbe wa kufuta unafika, inafuta kisichokuwepo, halafu ndio inaweka ile ya zamani iliyoisoma. Tayari imekaa na rate ya jana na ujumbe umeshapita. Linapungua sana ukihakikisha ujumbe unatumwa baada ya muamala kukomitiwa (databesi imeshathibitisha mabadiliko), kabla hapo usitume kitu, kwenye Spring kuna `@TransactionalEventListener` ambayo usipoiambia vingine inasubiri komiti. Na linazibika ukiweka namba ya toleo kwenye kila rekodi: ujumbe unasema "rate, toleo la 18", seva inakumbuka hiyo 18 na inakataa kuweka kwenye kashe kitu chenye toleo la chini ya hapo. Muda wa kuisha usiuondoe hata kidogo, lakini utoe kwenye lisaa uweke dakika chache, huo ndio wavu wa mwisho kama vyote vimeshindikana.

Ujumbe utumwe kwa nini? Huhitaji kuongeza mashine. PostgreSQL ina `LISTEN` na `NOTIFY`, amri za kusikiliza na kutuma ujumbe. Uzuri wake ni kwamba `NOTIFY` ikitumwa ndani ya muamala inawafikia wasikilizaji pale tu muamala unapokomitiwa, ukirolibaki (ukiughairi) hakuna kinachotoka, lile suala la kutuma mapema linakufa lenyewe. Mzigo wa ujumbe lazima uwe chini ya baiti 8000, na wewe unatuma jina la kashe, ufunguo na toleo tu kwa hiyo hata mia huzifikishi. Angalizo mbili: kama unapita PgBouncer (programu inayogawanya koneksheni za PostgreSQL) kwa hali ya kugawana koneksheni kwa muamala, `LISTEN` haitafanya kazi, ipe koneksheni yake ya moja kwa moja. Na koneksheni ya msikilizaji ikikatika, ujumbe uliopita wakati huo umepotea, hauhifadhiwi popote, kwa hiyo sheria iwe moja tu, ukiunganishwa upya futa kashe YOTE ya hiyo seva kisha uendelee. Usijaribu kukisia umekosa nini.

Mzee_wa_Kibirizi (Kigoma)

Vijana mnaongea vizuri. Niongezee upande wa Redis maana kaulizia.

Redis inamaliza tatizo lako la namba kutofautiana kwa sababu moja tu, kashe inakuwa moja na seva zote tatu zinasoma hapo hapo. Hakuna cha kusambaza. Bei yake ni kwamba kila kusoma sasa ni safari ya mtandao badala ya kuchungulia kwenye memori yako, ndani ya kituo kimoja cha data safari hiyo ni fupi na hutaisikia, ila kama seva moja iko kituo kingine utaisikia. Na sasa una kitu kingine kinachoweza kufa. Watu wanasema basi weka Redis mbili, moja nakala. Sawa, lakini mjue replikesheni ya Redis haisubiri nakala ijibu, kubwa inamwambia mteja "nimeandika" ndipo inatuma kwa mdogo, ikifa katikati hapo ulichoandika kimekwenda nayo. Amri ya `WAIT` inapunguza hatari haiiondoi. Na ili mdogo apandishwe mwenyewe unahitaji Sentinel, nazo angalau tatu kwenye mashine tofauti ili wengi wakubaliane kwamba mkubwa amekufa kweli. Kwa kashe hiyo si mbaya, kashe ni kitu cha kupotea. Kwa deni la mtu ni mbaya.

Mimi kwa mfumo wa ukubwa wa huyu kijana ningeweka Redis moja tu bila nakala, taimauti fupi ya milisekunde chache, na programu iandikwe kwamba Redis isipojibu inakwenda databesi bila kulalamika. Halafu jaribu hiyo hali kabla ya msimu haijachanganya, zima Redis mchana kweupe uone kama PostgreSQL inabeba maombi yote yenyewe. Kama haibebi basi ulichonacho si kashe tena, ni nguzo ya nyumba, na inabidi uitunze kwa hadhi hiyo.

Kuhusu watu kutupwa nje: sesheni (kumbukumbu ya nani ameingia) zinakaa kwenye memori ya seva ile ile uliyoristati. Spring Session juu ya Redis inalimaliza hilo vizuri sana, sesheni zinatoka kabisa kwenye seva. Kama hutaki Redis, Tomcat (seva ya wavuti ya Java) yenyewe ina klasta, `DeltaManager` inanakili mabadiliko ya kila sesheni kwenda seva zote, kwa tatu inafaa, zikiwa nyingi mtandao unajaa unahamia `BackupManager` ambayo inaweka nakala sehemu moja. Lakini nayo kwa kawaida inatafutana kwa multikasti, tumeshasikia hapo juu yanayotokea. Njia yoyote utakayochukua sesheni iwe nyepesi, weka namba ya mtumiaji na chama chake basi, kuna watu wanaweka orodha nzima ya wakulima kwenye sesheni halafu wanashangaa.

dada_wa_Cheyo (Tabora)

Shikamoo mzee. Kwa sesheni nakubaliana na wewe. Kwa jedwali la bei bado nasema Redis ni ziada, madaraja yote na bei zake hayajazi hata megabaiti moja, yakae kwenye memori ya kila seva na `NOTIFY` iyafute yakibadilika. Mtu anasoma bei mara nyingi kwa kila belo na inabadilika mara chache mno, hicho ndicho kitu kashe ya ndani ilitengenezewa.

Mzee_wa_Kibirizi (Kigoma)

Marahaba. Hapo sikupingi, mradi ile sheria yako ya kufuta yote ikiunganishwa upya iandikwe kwenye kodi kweli na isibaki kwenye maelezo.

Urambo_Data (Urambo)

Kwa kuongezea tu, wapo watakaokushauri Hazelcast au Infinispan (kashe za Java zinazokaa kwenye seva nyingi kwa pamoja), ni nzuri ila jua unachokichukua. Hizo zina namna mbili za kukaa na data, kunakili kila kitu kila nodi (yaani kila seva ya klasta), au kugawana vipande ambapo kila rekodi iko nodi chache tu, Hazelcast kwa kawaida inagawa vipande 271 na kuweka nakala moja ya ziada ya kila kipande. Infinispan ina na ya tatu, ya kufutiana tu bila kupeana data, ambayo ndio ile anayoisema dada, kwa hiyo kama uko WildFly (seva ya programu za Java) tayari unayo humo ndani.

Shida inakuja mtandao ukikatika kati ya nodi zenyewe. Seva mbili zinaonana, ya tatu imebaki peke yake, kila upande unaamini mwenzake amekufa na wote wanaendelea kuhudumia watu. Ukirudi mtandao una matoleo mawili ya ukweli. Ndio maana tunasema tatu na si mbili, unaweka masharti kwamba upande usio na wengi ukatae kuandika. Jambo lingine, ukidiploi toleo jipya seva moja moja, objekti za Java zilizosirialaiziwa (zilizogeuzwa baiti ili zitumwe) na toleo jipya zinafika kwenye seva ya zamani ambayo klasi yake haina ile fildi mpya, inakataa na `InvalidClassException` kama hukuweka `serialVersionUID`. Katikati ya siku ya soko usingependa kukutana na hiyo.

Isevya_Koda (Tabora)

Ahsanteni sana wote, hii imenifungua. Multikasti ilikuwa yenyewe, nimeweka IP kwa mkono zikaonana, ila kwa nilivyosoma hapa nahamia njia ya dada. Lakini nina maswali mawili nayaogopa. La kwanza deni la pembejeo: mkulima anauza asubuhi belo la kwanza anakatwa, mchana anauza tena kwa karani mwingine, kama seva ya pili bado ina deni la asubuhi atakatwa mara mbili. Hata sekunde mbili za kuchelewa naona ni nyingi. La pili ni rate, ujumbe wa kufuta ukifika seva moja nusu sekunde mapema kuliko nyingine, wakulima wawili wa foleni moja watapata rate tofauti.

dada_wa_Cheyo (Tabora)

Deni lisikae kwenye kashe kabisa. Si Redis, si memori, popote. Kusoma safu moja kwa ufunguo wake mkuu PostgreSQL inafanya haraka kuliko karani anavyoinua kidole, hakuna unachookoa. Na kukata usisome kwanza halafu uandike, kati ya hapo mwingine anaingia. Ndani ya muamala mmoja ifunge ile safu kwa `SELECT ... FOR UPDATE`, piga hesabu unakata kiasi gani (maana mauzo yanaweza kuwa madogo kuliko deni), andika, weka na mstari wa makato wenye namba ya belo, komiti. Karani wa pili atasubiri kufumba na kufumbua tu kisha ataona deni jipya. Namba ya belo iwe ya kipekee kwenye jedwali la makato, hata karani akibonyeza mara mbili kwa sababu intaneti ya Kaliua imeganda databesi itakataa ule wa pili. Huyo mkulima ameikopa ile mbolea tangu kabla ya mvua, kukatwa mara mbili si jambo la kumwambia "tutarekebisha wiki ijayo".

Rate nayo suluhisho lake haliko kwenye kasi ya ujumbe. Acha kubadilisha safu, ongeza safu mpya yenye saa ya kuanza kutumika. Ofisi inaingiza jioni rate inayoanza kesho saa 2 asubuhi, seva zote zinakuwa na rate zote mbili kwenye kashe usiku kucha, na kila moja inachagua kwa kuangalia muda wa muamala. Hakuna haja ya kufuta kitu sekunde ile ile. Kinachobaki ni saa za seva zilingane, weka chrony (programu ya kulinganisha saa) kwenye zote, na muda wa muamala uuchukue sehemu moja, yaani `now()` ya databesi. Kwenye mstari wa mauzo hifadhi ile rate yenyewe iliyotumika, mkulima akija na karatasi yake mwezi wa nane umwonyeshe namba ile ile.

Kama ofisi italazimika kubadilisha rate ya siku hiyo hiyo, waambie ianze dakika kumi mbele. Na wewe muda wa kuisha wa hiyo kashe uweke chini ya hizo dakika kumi, hata seva iliyokosa ujumbe itakuwa imesharudi databesi yenyewe kabla rate haijaanza.

Isevya_Koda (Tabora)

Hilo la saa ya kuanza sikuwa nimelifikiria kwa upande huo kabisa, nalifanya. Kwa hiyo: deni natoa kwenye kashe, rate inakuwa na saa yake, bei na majina zinabaki memori ya ndani na `NOTIFY`, sesheni naziweka Redis moja. Najaribuje kabla sijapandisha?

Gungu404 (Kigoma)

Laptop moja inatosha. Washa programu mara tatu kwa poti tofauti, weka Nginx mbele bila kumgandisha mtu kwenye seva moja, na kila jibu liwe na heda inayotaja jina la nodi na toleo la rate iliyotumika, hiyo heda iache hata ukishapandisha itakusaidia karani akipiga simu. Andika skripti ndogo inayobadilisha bei huku nyingine inasoma mfululizo, uone inachukua muda gani nodi zote tatu kutaja toleo moja.

Halafu ndio uje kwenye jaribio lenyewe: tafuta koneksheni ya msikilizaji kwenye `pg_stat_activity`, iue kwa `pg_terminate_backend`, badilisha bei wakati imekufa, iache ijiunge yenyewe. Ikirudi na bei ya zamani hata mara moja, usipandishe. Na usitumie kuizima nodi kama mbadala wa jaribio hilo, nodi ikizimwa inaamka na kashe tupu kwa hiyo itafaulu kila mara, unayemtafuta ni yule aliyebaki hai na hajasikia.

Isevya_Koda (Tabora)

Sawa mkuu. Naanza na hilo la kuua koneksheni leo usiku, nikipata logi nazileta hapa.